Shajara ya mradi: taa nyeupe ya LED za urujuani kwa meza ya malakiti, Lubumbashi

Mei. Kwa nini balbu ya kawaida haitoshi

Taa hii ni ya meza ya kuchagulia na kung'arishia malakiti, jiwe la kijani lenye shaba. Mchongaji anatafuta mistari ya jiwe: kijani kilichokolea hadi karibu na weusi, kijani cha jani bichi, kijani kilichopauka kinachoelekea buluu. Kwenye jua la saa nne asubuhi mistari yote inajitenga. Chini ya balbu ya LED ya sokoni, mistari miwili ya jirani inaungana na kuwa mmoja, na krizokola (jiwe jingine la shaba, la kijani kinachovuta buluu) iliyojibana pembeni mwa jiwe inapita kama malakiti.

Sababu iko ndani ya balbu. Karibu kila balbu ya LED inayouzwa mjini ni chipu ya buluu ya nm 450 hivi (nanomita, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) iliyofunikwa na unga wa njano wa fosfa, unaomeza mwanga na kuutoa kwa rangi nyingine, yaani garineti ya yitriamu na alumini yenye seriamu kidogo (YAG:Ce). Nichia ya Japani iliuza LED nyeupe za aina hiyo kuanzia 1996, na kwa lumeni unazopata kwa kila wati, kwa bei ile, hakuna wa kuishinda. Lakini mwanga wake ukiupitisha kwenye spektroskopu, kifaa cha kutawanya mwanga kuwa rangi zake, unaona mlima mwembamba wa buluu, halafu bonde kati ya nm 470 na 500, halafu mlima mpana wa njano unaoshuka kabla ya kufika kwenye wekundu uliokolea. Bonde hilo limekaa mahali palepale ambapo kijani cha malakiti hutengana na cha krizokola.

Tumeamua kuiacha chipu ya buluu. Chipu itakuwa ya urujuani, na weupe wote utatoka kwenye unga wa rangi tatu. Kwenye nm 405 jicho ni karibu kipofu, kwa hiyo urujuani unaopenya haubadilishi sana rangi tunayoiona, na sura ya mwanga tunaipanga wenyewe kwa mizani.

Bei yake ni joto. Fotoni ya nm 405 ikigeuzwa kuwa ya nm 550 inaacha asilimia 26 ya nishati yake ndani ya unga. Ya nm 450 inaacha 18. Hasara hiyo ni ya fizikia, haiondoki hata kwa unga ulio kamili. Anayetaka taa ya kuokoa betri tu abaki na YAG. Sisi tunataka rangi.

Juni. 365, 385, 395 au 405

Wengi huchagua LED kwanza kisha ndiyo watafute unga. Inafaa kuvitazama pamoja, maana kila unga una mahali unapokula mwanga na mahali unapoukataa.

Mfano ulio wazi ni YAG yenyewe. Inakula vizuri karibu na nm 460, na tena karibu na 340. Katikati, kwenye 370 hadi 400 na kidogo, kuna pengo. Ukibandua unga wa njano kwenye balbu iliyokufa na kuumulika kwa LED ya nm 395, unang'aa kwa unyonge. Wengine hapo wanasema unga umechoka. Unga ni mzima, ila umepewa chakula usichokila.

Unga wa mirija ya floresenti nao haufai. Uliundwa kwa ajili ya nm 254 ya zebaki na kwenye 405 unabaki karibu kimya. Tena mrija ukivunjwa unatoa mvuke wa zebaki chumbani. Usiuvunje. Mirija ya televisheni za zamani ina unga mwekundu wa europiamu wenye mstari safi kwenye nm 626, lakini mrija ule una ombwe ndani na kioo cha risasi, na rangi tatu zimepangwa kwa nukta zisizotenganishika. Tumeuacha.

Kwa buluu, unga maarufu ni BAM (BaMgAl10O17:Eu), unaotoa nm 450. Unakula sana chini ya 380, na ukivuka 400 hamu inaisha. Klorofosfati ya strontiamu yenye europiamu, Sr5(PO4)3Cl:Eu, inatoa nm 447 na bado inakula kwenye 405. Hiyo ndiyo iliyotuamulia: LED za nm 405 na klorofosfati, badala ya nm 365 na BAM. LED za 365 ni ghali zaidi, zinageuza sehemu ndogo zaidi ya umeme kuwa mwanga, na hatari yake kwa macho haionekani mpaka madhara yamefika.

Jaribio la kuchagua ni rahisi na tunalipendekeza kabla ya kununua chochote kwa gramu nyingi: chukua unga kiasi cha ncha ya kisu, weka kwenye kitambaa cheusi chumba kikiwa giza, mulika kwa kila LED kwa mkondo uleule na umbali uleule. Usiweke kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ya ofisi ina kemikali za kuing'arisha zinazokula urujuani na kutoa buluu, na utaisifu karatasi ukidhani unasifu unga.

Miwani: ya rangi ya chungwa, ile inayozuia chini ya nm 500 hivi. Miwani ya karakana isiyo na rangi inapitisha 405 karibu yote. Urefu huu wa wimbi kwa hesabu uko nje ya urujuanimno, ambao unaishia 400, lakini retina haijali mpaka huo.

Juni, mwishoni. Umeme na bamba la shaba

LED nne za nyota (zilizobandikwa kwenye vibao vya umbo la nyota) za mm 20, kila moja volti 3.4 hivi kwenye mA 300. Zimepangwa mbili mbili kwa mfululizo, kila jozi na draiva yake, yaani kidhibiti cha mkondo. Tatu kwa mfululizo zingehitaji volti 10.2, na betri ya volti 12 iliyokaribia kuisha haina nafasi ya kuzilisha.

Rezista peke yake haifai hapa. Kwa LED tatu, betri ikiwa na 14.4 inapochajiwa rezista inabeba volti 4.2, betri ikishuka hadi 10.8 inabeba 0.6 tu. Mkondo unabadilika mara saba. Kwa hiyo draiva ya PT4115: mkondo wake ni 0.1 kugawanya kwa rezista ya kipimo, na kwa oma 0.33 unapata mA 303. Koili ni ya maikrohenri 68. Vibao vingi vya draiva hii vinavyouzwa tayari vimewekewa mkondo mkubwa kwa ajili ya LED za wati 3, basi rezista ile ndogo inabadilishwa kwanza, kabla LED haijaunganishwa.

Kila mtu hapa anataka shaba kwa ajili ya joto, na ni kweli shaba inapitisha joto karibu mara mbili ya alumini. Katika taa ya wati 4 haina uzito huo. Joto halikwami ndani ya chuma, linakwama pale chuma kinapolikabidhi kwa hewa, na hewa haiulizi bamba ni la nini. Bamba la sm 10 kwa 10, unene mm 2, upande mmoja ukiwa wazi, linapanda digrii 25 hivi juu ya joto la chumba. La alumini lenye eneo hilohilo ni karibu sawa. Tulitumia shaba kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karakanani.

Tahadhari ya kiangazi: hewa ya Juni na Julai hapa ni kavu, na sweta la nailoni linatoa cheche. Chipu za mawimbi mafupi haziwezi umeme tuli. Iliyopigwa cheche huenda ikawaka kama kawaida kwenye mA 300, lakini kwenye mA 1 haiwaki kabisa, kwa sababu mkondo mdogo unapita kwenye ufa badala ya kupita kwenye makutano. Kila LED ipimwe kwa mkondo mdogo kabla ya kubandikwa. Shika bamba la shaba kwanza, halafu LED.

Julai. Spektroskopu ya DVD

Kisanduku cha kadibodi kilichopakwa weusi, mwanya wa nyembe mbili wenye upana wa mm 0.15 hivi, kipande cha DVD kilichobanduliwa tabaka la fedha, na kamera ya simu. Njia za DVD zimeachana maikromita 0.74 (za CD ni 1.6), kwa hiyo DVD inatawanya rangi vizuri zaidi.

Kuisahihisha kunahitaji taa ndogo ya floresenti ya kujikunja, ile iliyotangulia LED. Mistari yake ya zebaki iko kwenye nm 435.8 na 546.1, na mstari mwekundu wa europiamu kwenye 611. Pointi mbili zinatosha kuchora kipimo, ya tatu inathibitisha. Kuna pia mstari dhaifu wa zebaki kwenye 404.7, ambao unakuonyesha kama LED iliyouzwa kuwa 405 ni 405 kweli au ni 395. Weka kamera kwenye mpangilio wa mkono, funga mizani ya weupe na mwangaza. Ikiachwa ijiamulie, kila picha itakuwa na kipimo chake.

Usiitegemee kwa ukubwa wa vilele. Kila kamera ina upendeleo wake wa rangi. Inafaa kwa mahali pa vilele na kwa kulinganisha bamba moja na jingine.

Agosti. Unga wa kijani, tanuri na kobalti

Mwekundu na buluu vilinunuliwa. Mwekundu ni nitridi, (Sr,Ca)AlSiN3:Eu, na haitengenezwi karakanani: inahitaji zaidi ya digrii 1,600 ndani ya naitrojeni safi. Tulichagua ile inayotoa karibu na nm 620 na si ya 650, kwa sababu kwa wati ileile ya mwanga jicho linaona 620 mara tatu na nusu zaidi.

Kijani ni aluminati ya strontiamu, SrAl2O4:Eu, yenye kilele karibu na nm 520. Inauzwa kwa bei ndogo kama unga wa kung'aa gizani, lakini ule umeongezwa disprosiamu makusudi ili ushikilie mwanga na kuuachia polepole. Kwa taa ni kero: unazima, meza inabaki ya kijani. Tunataka isiyo na disprosiamu, na hiyo inatengenezeka kwa njia ya mwako wa urea.

Kipimo cha kundi moja, linalotoa gramu 4.1 hivi:

nitrati ya strontiamu g 4.15
nitrati ya alumini yenye maji tisa g 15.0
oksidi ya europiamu g 0.070
asidi ya boriki g 0.10
urea safi g 12

Kwa hesabu ya vioksidishaji (nitrati) na kinachoungua (urea), urea inayohitajika ni g 8.0. Ziada ya nusu ni ya kuipa europiamu mazingira yenye njaa ya oksijeni. Urea ya mbolea tuliikataa: chembe zake mara nyingi zimepakwa kitu cha kuzuia zisigande, na hujui kimeleta chuma kiasi gani.

Oksidi ya europiamu huyeyushwa kwanza peke yake katika matone machache ya asidi ya nitriki iliyopashwa moto. Ukiitupa kavu kwenye mchanganyiko itabaki vumbi. Kisha vyote viingie kwenye maji kidogo yaliyokenekwa mara mbili, vikoroge mpaka viwe kama sharubati. Chombo kiwe kikubwa, mililita 300 au zaidi, kwa sababu mchanganyiko unafura na kupanda. Kinaingizwa kwenye tanuri lililokwisha kufika digrii 600. Kinachemka, kinafuka, halafu mwali unakimbia juu ya povu na kuzimika. Yote ni ndani ya dakika tano. Moshi una amonia na oksidi za naitrojeni. Mlango wa tanuri uangalie nje, au kuwe na feni ya kuvuta moshi kweli, si dirisha lililofunguliwa nusu.

Povu jeupe linalotoka linasagwa taratibu, linawekwa kwenye kikombe kidogo cha alumina chenye kifuniko, na kikombe hicho kinazikwa ndani ya kikombe kikubwa kilichojaa makala (makaa) yaliyopondwa. Digrii 1,150 kwa saa mbili. Makala yanatoa monoksidi ya kaboni inayoinyang'anya europiamu oksijeni na kuigeuza kutoka Eu3+ kuwa Eu2+. Gesi hiyo haina harufu na inaua, kwa hiyo hakuna anayekaa chumba kimoja na tanuri mpaka lipoe. Vikombe vipoe bila kufunguliwa. Makala yakiwa machache yanaisha kabla ya kupoa, hewa inaingia, na kazi inarudi nyuma.

Taa ya 405 ndiyo mkaguzi. Kijani kinachowaka sawasawa: vizuri. Madoa ya pinki au mekundu: hapo europiamu ilibaki Eu3+, rudisha kwenye makala. Kijani kinachovuta buluu, karibu nm 490: kumetokea Sr4Al14O25, aluminati yenye alumini nyingi zaidi, na kawaida chanzo ni asidi ya boriki kuzidi au nitrati ya alumini kupimwa kwa ukarimu. Kwa mtu anayetafuta kijani safi huo ni uchafu. Kwa meza ya malakiti ni zawadi, maana 490 ndiyo bonde tulilotaka kulijaza. Tunatengeneza kundi dogo la namna hiyo makusudi, alumini mara tatu na nusu ya strontiamu, na kuliongeza kidogo kwenye kijani.

Sasa tatizo la mji wetu. Matanuri ya kukodi Lubumbashi ni ya maabara za madini, na yamechoma sampuli za heterojenaiti (madini ya kobalti) na malakiti miaka mingi. Matofali yake yamelowa vumbi la kobalti na shaba. Kobalti ikigusa aluminati kwenye joto hilo inajenga CoAl2O4, rangi ya samawati ileile ya vyungu na vigae, na kiasi kidogo sana kinatosha. Unga wa kundi lililochomwa bila kifuniko haukuwa na wekundu wala njano yoyote, ila kivuli cha samawati ambacho hukioni mpaka uuweke kando ya unga safi kwenye mwanga wa mchana. Chini ya 405 uliwaka kama nusu ya mwenzake. Kobalti, chuma na nikeli zinaiba nishati kabla europiamu haijaitoa kama mwanga, na zinaiba hata zikiwa sehemu chache katika milioni.

Kilichosaidia: kupiga tanuri brashi, kulichoma tupu digrii 1,150 kwa saa moja, kisha vikombe vipya vya alumina vyenye vifuniko vinavyokaa vizuri, na kikombe cha tatu kilichogeuzwa juu ya vyote kama mwavuli wa vumbi la dari. Kinu kiwe cha kaure au cha akiki. Cha chuma hapana. Chekeche za maabara za maikromita 75 zinavutia kwa kuwa ziko kila mahali, lakini zimepitisha mawe tani ngapi? Tulichukua kitambaa kipya cha nailoni cha wachapaji wa fulana, matundu ya maikromita 50 hivi.

Usisage kwa nguvu. Punje ikivunjika, uso mpya uliopasuka hauwaki, na unga mwembamba sana unapoteza mwanga wazi wazi. Usioshe kwa maji kamwe. Aluminati hii inaoza ikikutana na maji, na mng'ao unakufa. Alkoholi safi ndiyo ya kuoshea.

Septemba. Silikoni isiyokauka, punje zinazozama

Unga umewekwa mbali na chipu, kwenye bamba la kioo cha dirisha cha mm 3, sm 8 kwa 8, likiwa mm 15 juu ya LED. Ukipakwa juu ya chipu moja kwa moja unapikwa: silikoni inapitisha joto vibaya mno, na unga ukipanda joto mwanga wake unapungua. Epoksi ya kawaida isifikiriwe. Kwenye urujuani inageuka njano mapema.

Silikoni ni ya sehemu mbili inayogandishwa na platini. Ina adui watatu: salfa, amini na bati. Glavu za mpira wa asili zina salfa, na uso ulioguswa nazo unabaki kunata siku zote, hata ukiongeza joto na saa. Masalia ya dawa ya kulehemu kwenye bamba yanafanya vivyo hivyo, na silikoni ya kuzibia mabomba ikiwa ni ya bati nayo ni sumu kwa hii. Glavu za plastiki laini, vijiti vipya vya kioo au plastiki, vyombo ambavyo havijawahi kushika mpira. Ukitaka kujua kama chombo ni salama, dondosha silikoni tupu ndani yake na uipashe digrii 80 kwa saa moja, kabla ya kupoteza unga.

Tabaka ni tatu, na mpangilio wake una maana. Nitridi nyekundu inakula urujuani, lakini inakula pia buluu na kijani. Ukizichanganya zote pamoja, nyekundu inakula kazi ya wenzake na taa inatoka ya chungwa yenye giza. Basi nyekundu ikae karibu na LED, kijani katikati, buluu juu kabisa. Mwanga mwekundu unapopanda haugusi chochote njiani.

Kwa sentimita 64 za mraba, tabaka la mm 0.5 linahitaji silikoni g 3.2. Vipimo vya kuanzia: nyekundu g 0.25, kijani g 0.9 (ndani yake g 0.2 ya ile ya nm 490), buluu g 1.6. Buluu ni nyingi kwa sababu kwenye 405 iko ukingoni mwa ulaji wake.

Punje zinazama. Punje ya maikromita 15 ndani ya silikoni yenye mnato wa paskali-sekunde 4 inashuka kama mm 0.3 kwa saa. Ya maikromita 30 inashuka mara nne ya hiyo, yaani inamaliza unene wote wa tabaka ndani ya nusu saa. Bamba likiachwa usiku kucha ligande lenyewe, asubuhi una utando mnene wa unga chini na silikoni tupu juu, na kama meza imeinama una upande mmoja wa waridi. Tanuri la digrii 80 liwe tayari kabla ya kumimina, na meza ipimwe kwa pima maji. Joto lenyewe hulainisha silikoni dakika za mwanzo kabla ya kuigandisha, kwa hiyo silika nyepesi kama vumbi, asilimia 1 hadi 2, inasaidia kuzishika punje. Ikizidi, mapovu hayatoki.

Mapovu yanatolewa kwa ombwe, na kompresa ya frigo mbovu inafanya kazi hiyo vizuri. Jambo moja la kujua: maelekezo ya silikoni yanataka geji ifike −0.1 MPa. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yetu yote ni kilopaskali 88 hivi. Geji haiwezi kuvuka −0.088 hata pampu iwe kamilifu. Sindano ikisimama kwenye −0.085 pampu ni nzima, usiipeleke kwa fundi.

Oktoba. Chumba cha kuchanganyia na kupanga rangi

Karibu nusu ya mwanga wa bamba unarudi nyuma, kuelekea LED. Kuta za kisanduku chini ya bamba ndizo zinaamua kama utarudishwa au utapotea. Rangi nyeupe ya ukutani inaonekana jibu rahisi, na ndiyo mtego. Weupe wake ni dioksidi ya titaniamu, na rutaili, umbo lake la kawaida katika rangi, inaanza kumeza mwanga kuanzia nm 413 kwenda chini. Kwa macho yetu ukuta ni mweupe, kwa LED ya 405 ni wa kijivu kizito. Karatasi ina tatizo lilelile kwa njia nyingine. Kinachofaa ni utepe wa tefloni wa mafundi bomba, tabaka zaidi ya kumi zilizokandamizwa mpaka zisiangaze nyuma. Utepe huohuo ndio kigezo chetu cha weupe tunapopiga picha.

Bamba la kwanza kwenye tefloni lilikuwa na uwaridi. Tiba ni kupunguza nyekundu kwa g 0.05 kila bamba, na kuiacha kijani kama ilivyo. Ukiongeza kijani ili kuficha uwaridi, tabaka linazidi unene, buluu iliyo juu inakosa urujuani, na unajikuta unaongeza buluu, kisha tena nyekundu. Rekebisha rangi moja tu, iliyo karibu na LED kwanza.

Kwa nyekundu g 0.20, tefloni kando ya dirisha saa nne asubuhi na tefloni chini ya taa zinafanana kwa karibu. Kwenye spektroskopu bonde la 470 hadi 500 limebaki kama mteremko mdogo. Krizokola na malakiti zinaachana bila kuzungusha jiwe. Mstari wa 405 bado unaonekana, dhaifu. Shati jeupe mezani linang'aa kidogo kwa buluu. Jiwe haliathiriki na hilo, lakini anayekaa mezani saa nyingi asiutazame uso wa bamba, na kingo za kisanduku ziwe chini ya usawa wa macho.

Novemba. Mvua

Unga wa kijani uko kwenye chupa za kioo na mifuko ya silika ya kukaushia, na chupa inafunguliwa chumba kikiwa kikavu tu. Silikoni inapitisha mvuke wa maji kuliko watu wanavyodhani. Haiwezi kuwa koti la mvua. Bamba limefunikwa kwa kioo cha pili, na kingo zimezibwa kwa silikoni ileile ya platini. Raba ya mlango wa frigo tuliyokuwa tumeiwazia huenda ikawa na salfa, na salfa inapenya silikoni na kugeuza fedha iliyo chini ya chipu za LED kuwa nyeusi, jambo ambalo linaonekana kama LED imechoka wakati chipu ni nzima.

Bamba moja linawaka kwenye mA 300 na pacha wake amefungwa gizani kwenye chupa kavu. Yanapigwa picha pamoja kwa mpangilio uleule wa kamera. Kijani kikishuka peke yake, maji yameingia; vyote vitatu vikishuka pamoja, tazama tefloni na LED kwanza.

Bado: bamba lenye buluu g 1.9 ili kukata mabaki ya 405, na kundi jipya la aluminati lililochomwa kwenye tanuri ambalo halijawahi kuona madini.